Meja na Firigisi ya Baba

Jumapili asubuhi, Kitale. Ukungu bado umelala juu ya mahindi ya jirani na baridi imenivalisha soksi mbili mbili. Sijaenda kanisani. Mungu anajua nilikuwa wapi jana, na nadhani anaelewa.

Meja yuko mlangoni, amejikunja.

Yuko hapa. Naandika tena ili niamini: yuko hapa.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, Meja ni mbwa wangu, wa rangi ya chai ya maziwa. Baba alinipa baada ya wezi kuvunja mlango wa chumba ninachoshonea nguo. Alikua kwa ugali na omena kama mbwa wote wa kwetu. Kufikia Krismasi alikuwa amejikuna mpaka tumbo likabaki bila manyoya, vidonda vinatoa maji, na anaharisha kila siku. Daktari wa mifugo aliniambia niache ugali kabisa, nimpe nyama mbichi, aina moja tu kwa siku kumi, kisha nyingine, na niandike kila ninachokiona.

Nikaandika. Daftari langu la vipimo vya wateja, ukiligeuza nyuma, ni habari za kinyesi tu. Si kitu cha kumwonyesha mgeni.

Tulianza na matumbo ya ng'ombe yasiyooshwa. Mwenye bucha aliniuliza mara tatu kama nina hakika, kisha akayafunga kwa mifuko miwili huku amegeuza uso. Nyumba ilinuka zizi wiki nzima. Lakini usiku wa nane Meja alilala bila kujikuna, na asubuhi yake nilisimama jikoni na kisu mkononi nikalia kama mtoto.

Akafuata mbuzi. Hapo niliharibu, na kosa ni langu peke yangu. Nilipata maini mazuri, nikaona nimfurahishe, nikamjazia bakuli. Aliharisha siku tatu. Na mimi, kwa mdomo wangu huu usiotulia, nikamsimulia Baba kwa simu.

Baba anakaa Sirisia, na kwake nyama mbichi ni ya fisi. Anaamini kwamba mbwa akizoea damu, kuku wa boma hawana siku nyingi.

"Mlete hapa," alisema. "Nitamfungulia katikati ya kuku wangu. Akishika hata kifaranga, anabaki huku kwa mnyororo, anakula ugali kama wenzake. Mbwa ni mbwa, bana."

Nilikubali. Ni Baba, na yeye ndiye aliyenipa.

Balaa ni kwamba nyama iliyofuata kwenye orodha ya daktari ilikuwa kuku. Ningeweza kuiruka, hakuna ambaye angejua. Sikuiruka. Nilianza na shingo moja, kisha miguu, kisha kichwa na nusu firigisi. Siku kumi zikaisha, choo kigumu, ngozi safi. Tumbo lilikuwa limefaulu mtihani. Ilibaki tabia.

Jana, jirani anayepeleka kabeji Chwele alitubeba kwa pikapu yake, akatufikisha hadi Sirisia. Mama alikuwa ameshachinja jogoo wa kutupokea. Senge, dada yake Baba, alikuwa amekaa barazani akichambua mboga, na hakuchelewa kuniuliza swali lake la kila mwaka.

"Kwani huko Kitale imondo inaliwa na nani?"

Imondo ni firigisi, na kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Mwanamke haigusi. Kwa hiyo senge haulizi habari za chakula, anauliza bwana yuko wapi. Nimevuka miaka thelathini na tano, na swali hili bado linanichoma, ingawa huwa nacheka. Jana pia nilicheka, nikaingia jikoni.

Mama aliniambia nitoe vya mbwa kwenye yule jogoo. Mikono ikafanya kazi yake iliyoizoea, nikaweka bakuli katikati ya uwanja na kumfungua Meja. Baba alisimama kando na fimbo.

Kuku walikuja, maana kuku wa Baba hawana adabu. Kuku mmoja mwenye vifaranga sita alidonoa ukingo wa bakuli. Kifaranga kimoja kikapanda juu ya mguu wa mbele wa Meja. Meja akaacha kutafuna. Akakitazama kifaranga, akanitazama mimi, akangoja. Kiliposhuka, akaendelea kutafuna shingo ya jogoo.

Moyoni nilikuwa nacheza.

Baba aliguna tu, akaingia kula. Nilijua nimeshinda, nikakata ugali tonge kubwa kuliko la kila siku. Ndipo nikaona Baba anageuza mchuzi kwa kijiko, mara moja, mara mbili, mpaka chini ya bakuli.

"Imondo yangu iko wapi?"

Mama alinitazama. Mimi nilitazama nje, kwenye bakuli la Meja lililolambwa likang'aa. Shingo, miguu, kichwa, firigisi. Mikono ilikuwa imepanga vya mbwa kama inavyopanga Kitale, safari hii firigisi nzima, na haikuniuliza.

Nilifikiria kumsingizia paka. Kweli kabisa, nilifikiria.

"Nimempa Meja, Baba," nikasema. "Nilisahau kama niko kwako."

Senge alirudisha tonge lake kwenye sahani. Baba akainuka, akachukua fimbo, akatoka. Nilimfuata mbio, maana mnyororo nilikuwa nimeshauona, unaning'inia kwenye msumari wa ghala.

Hakuugusa. Aliweka fimbo chini, akainama polepole kwa sababu ya magoti yake, akampindua Meja chali. Akapitisha kiganja tumboni, pale palipokuwa na vidonda na sasa pana manyoya. Akanusa kiganja.

"Krismasi huyu alikuwa ananuka," alisema, kama anayejiambia mwenyewe.

Akaendelea kumpapasa kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akimpapasa mnyama yeyote. Kisha akainua sauti ili imfikie dada yake ndani.

"Imondo ni ya mwenye nyumba. Huyu ameshaikula. Si basi arudi kwake akalinde?"

Njia nzima hadi Kitale nilikuwa natabasamu peke yangu juu ya magunia matupu, vumbi linaingia mdomoni, na sikujali.

Lakini hapa kwenye ukurasa wangu lazima niseme ukweli. Baba anadhani Meja ndiye anayekula firigisi ya nyumba hii. Anakula nusu. Nusu ya pili naikaanga kwa kitunguu, naila mimi, na kabla Meja hajaanza kuku nilikuwa naila nzima. Miaka kumi ninaishi peke yangu, sijawahi kumwambia mtu wa kwetu.

Senge amesema atakuja kunitembelea shule zikifungwa. Nitamchinjia kuku. Nitampa Meja nusu yake, na yangu nitaila pale pale mezani, mbele ya senge, bila kuharakisha.