Farasi wa Zuhura

Jumatatu, 4 Julai 1994
Nimefungua duka, nimefagia, nimetundika kanga mpya. Wateja haba. Baada ya adhuhuri nikaenda mtaa wa Tudor kumwona farasi. Wauzaji ni ndugu wawili, Twaha na Omari. Baba yao, aliyemfuga, alifariki mwaka jana. Farasi jike wa Kiarabu, rangi ya maziwa, mkia juu. Jina lake Marjani. Twaha akamfunua mdomo nami nikayatazama meno kana kwamba najua. Sijui lolote. Nilimtaka papo hapo. Namtamani farasi tangu utotoni, na barzani nilishajigamba kuwa nitamnunua.

Jumanne, 5 Julai
Nimerudi Tudor. Jirani yao, mama mtu mzima, akaniita pembeni. Akasema farasi si wa hawa ndugu. Marehemu alimpa binti yake, Zuhura, mbele ya watu. Zuhura yuko Malindi, anamuuguza shangazi yake.
"Hana habari, bwana. Mngoje arudi."
Nikamwambia nitangoja.
Sikungoja. Nimelipa jioni hii hii. Twaha hakunitazama usoni, wala mimi sikumtazama.

Alhamisi, 7 Julai
Marjani yuko uani, nyuma ya ghala langu, Makadara. Watu wanakuja kumtazama. Barzani wamenipongeza, nikacheka nao.
Farasi hali. Si pumba, si majani mabichi, si karoti. Kutwa anaangalia mlango.

Jumamosi, 9 Julai
Bado hali. Daktari wa mifugo amempima, haoni ugonjwa. Kasema farasi wa namna hii humzoea mtu. Mke wangu Rukia akaniuliza mtu gani. Nikasema sijui. Nimemdanganya jirani, sasa na mke wangu.
Mbavu zimeanza kuonekana.

Jumapili, 10 Julai
Zuhura amekuja. Sikumwita. Ningalijua amerudi, ningalijificha. Mwanamke kijana, buibui lina vumbi la safari. Alinitolea salamu kwa adabu zote. Afadhali angenitukana.
"Ami, uliponunua, ulijua ni wangu?"
Rukia alikuwa amesimama mlangoni, anasikia.
"Nilijua, mwanangu."
Akaingia uani. Marjani akalia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake, akamtia pua kifuani. Akala mkononi mwake. Nikageuza uso.
Rukia hajanisemesha tangu hapo.

Jumatatu, 11 Julai
Nimemfuata Zuhura kwao. Nikamwambia amchukue farasi wake, sitaki kurudishiwa pesa zangu.
"Nimrudishe wapi, Ami? Hapa? Watamuuza tena. Mnunuzi hakosekani."
Hakupaza sauti. Omari alikuwa chumbani, akakohoa, hakutoka.
Mnunuzi hakosekani. Nimetembea na neno hilo mpaka nyumbani.
Nilimwambia basi Marjani akae uani kwangu, lakini ni wake. Kasema atafikiri.

Ijumaa, 15 Julai
Baada ya swala, barzani, wakauliza hali ya farasi wangu. Nikasema si wangu. Ni wa Zuhura. Niliuziwa na wasio wenyewe, na nilijua. Kisha mmoja akaanzisha habari ya bei ya simenti. Nikakaa mpaka kahawa ikaisha. Nilidhani nikisema nitapata wepesi. Sikupata.

Jumatano, 20 Julai
Zuhura huja asubuhi na jioni. Marjani amerudi kunawiri. Zuhura hunisalimu, naitikia, basi.
Jana alitoa kufuli langu la uani, akatia lake. Ufunguo anao yeye.
Leo nimepeleka majani mabichi. Nikasimama mbele ya mlango wa ua wangu mwenyewe, nikapiga hodi, nikangoja.