Mchungwa Bado Uko Mkebeni

Arua,
17 Aprili 1994

Kaka yangu mpenzi Nasuru,

Amani ya Mungu ikufikie hapo Bombo kabla ya barua hii, maana anayeibeba ni dereva wa lori la tumbaku na mwendo wake naujua. Hujambo? Kifua kimepona? Shemeji na watoto wote salama? Sisi huku wazima. Mwanangu Afisa ameng'oka meno mawili ya mbele, na jina lake mwenyewe sasa analitamka kwa filimbi. Baba yake anakusalimu, anauliza kama bado unanyoa kichwa kama mkurutu. Mimi sina neno, ila viganja vimejaa malengelenge ya jembe, na habari ya hayo malengelenge ni ndefu. Tafuta mahali ukae.

Unajua tumehamia kwetu wenyewe, ukingoni mwa mji, upande wa barabara ya Vurra. Nyumba ni vyumba viwili. Ua nimeupima kwa miguu: hatua kumi na nne kwa tisa, choo kikiwemo. Jua la mchana linaingia mlangoni bila hodi. Nikamwambia Baba Afisa nataka miti. Akacheka, akauliza miti ikishakaa humo sisi tutalala wapi. Lakini nilikuwa nimeamua: mitatu tu, ya matunda, na kila mmoja niuchague kwa mkono wangu. Wewe huhitaji kuuliza kwa nini. Mtu aliyekaa ugenini Sudan kama sisi anajua hamu ya mti.

Jirani yangu Viktoria alinitangulia. Mwezi wa kumi na moja alinunua miche iliyoshushwa na lori kutoka Kampala, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Kufika Februari ilikuwa kuni. Akaja kunishauri, kwa hekima ambayo ingemfaa yeye mapema, kwamba mche wa kuletwa haulijui jua letu, nitafute uliozaliwa hapa hapa. Basi siku ya soko nikachukua baiskeli nikaenda Inde.

Hapo ndipo nilipomkuta Severino. Ni Msudani, mkimbizi, mtu mzima mwenye mvi za ndevu tu. Amepewa kipande cha kulima huko Logiri, na miche yake yote ameipanda katika mikebe ya mafuta ya msaada aliyoikata katikati. Kaka, yule mtu hauzi mti, anaozesha binti. Kila mche anakutajia mama yake. Huu mama yake yuko Logiri nyuma ya kanisa, anazaa mara mbili kwa mwaka. Huu mama yake yuko kwa mjane fulani, ni mkali kidogo lakini ana maji mengi. Mimi, kwa haraka zangu unazozijua, nilinyakua mparachichi mrefu kuliko yote. Akauchukua mkononi mwangu bila kuniomba, akageuza mkebe, akanionyesha mizizi iliyojiviringa chini kama kamba. Akaniambia huyo mrefu ni mwongo, amekaa mkebeni mpaka amezeeka, akitiwa ardhini atasimama tu bila kukua. Akanipa mfupi, wa kuchekesha. Nikachukua na mlimau.

Kisha nikaona mchungwa. Nikamuuliza mama wa huu yuko wapi. Akasema yuko Sudan, nyumbani kwake. Alikimbia na mbegu zimefungwa kwenye ncha ya kitambaa. Nikauongeza kwenye ile yangu miwili. Ili nisionekane nimebadilika uso, nikauliza lolote lililonijia: mtu mwenye mkono kama huu, kwa nini hana bustani yake ardhini? Akajibu taratibu, huku ananifungia mikebe kwa kamba ya mgomba:

“Mimi iko mgeni, dada. Mgeni anapanda mihogo, anavuna, anaenda. Mti inakaa. Mwenye udongo akiona mti, anasema huyu anataka udongo yangu. Kwa hiyo miti yangu yote iko ya mkebe.”

Hakulalamika. Alisema kama anayesema leo ni Jumamosi. Lakini mimi nilisukuma baiskeli mpaka Arua bila kuipanda, kwa sababu sikuona njia kwa machozi.

Mparachichi tuliupanda kesho yake. Mlimau niliuacha. Nikamwambia Baba Afisa kwamba nataka Severino aje aupande kwa mkono wake, uwe wake, ndani ya ua wetu. Akauliza kama najua majirani watasemaje. Nikasema najua. Akatazama zile hatua kumi na nne kwa tisa, akasema basi aje, ua wenyewe ni kama mkeka, nani atatunyang'anya mkeka. Siku ya soko iliyofuata Severino akaja. Alivua viatu kabla ya kukaribia shimo. Alipomaliza kufukia, aliuacha mkono wake juu ya udongo muda mrefu, nasi tukajifanya tunatafuta majani ya chai. Sasa kila akitoka sokoni anapita kumwangalia mtoto wake, na Afisa anamwita babu.

Mchungwa, kaka, sikuweza kuupanda. Shimo nilichimba, mikono ikakataa. Na sasa nakuja kwenye jambo lililonikalisha kuandika.

Unakumbuka kule Sudan tulikokimbilia vita, mwaka themanini na moja, nyuma ya mihogo ya Mzee Lokule aliyetupa mahali. Baba alificha mche wa mchungwa pale, akiutaka tu, na wewe ulikuwa unaubebea maji kwa kibuyu saa za mchana, watu wamepumzika. Mlikuwa wawili tu mliojua. Kisha Mzee Lokule akaja, akaung'oa kwa vidole viwili, akamwambia Baba kwa heshima: “Mihogo iko yako. Mti iko ya mwenye udongo.” Baba akamshukuru. Alipoondoka, Baba akachukua fimbo, akakupiga mbele za watu, akasema mwanawe amemuuza. Uliapa, hakuamini. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Ukaondoka na wafanyabiashara, na mpaka leo unampelekea sukari kila Idi lakini hujakanyaga kwake Koboko.

Ni mimi, kaka. Nilikuwa nimekufuata siku moja, nikaona majani yale mazuri. Siku chache baadaye Susana, binti wa Lokule, alikuwa anajisifia miembe ya baba yake, huu wetu, na ule wetu. Nikachoka kusikia. Nikamwambia sisi pia tunao. Maneno matatu tu. Na fimbo iliposhuka juu yako nilikuwa nimesimama mlangoni, nina mdomo, sikuutumia. Sitasema nilikuwa mtoto. Mtoto nilikuwa mwaka ule; hii miaka mingine yote nimenyamaza nikiwa mtu mzima. Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha mpaka nikashindwa kuutia mchungwa ardhini.

Mwezi uliopita Baba alikuja kutibiwa macho. Unajua ua wake wa Koboko ulivyo, mweupe kama sahani, hajapanda hata mpapai tangu turudi. Hapa kwetu alizunguka akishika jani moja moja, kwa kuwa haoni vizuri. Alipofika kwenye mchungwa akaunusa, akauliza kwa nini uko mkebeni na shimo lipo. Nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia. Alikaa mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, “Kwa hiyo kijana alisema kweli.” Nilingoja fimbo, niliitaka. Haikuja. Asubuhi yake nilimkuta amesimama kwenye shimo. Nilipoubeba mkebe nimpe aupande yeye, akauzuia kwa mkono.

“Acha. Maji alibeba Nasuru. Ngojea Nasuru.”

Hajarudi Koboko tangu siku hiyo. Watu wakimuuliza, anasema anamalizia dawa ya macho. Dawa iliisha Jumamosi iliyopita.

Sikuombi unisamehe kwa barua, msamaha wa barua ni rahisi mno. Ukitaka kunigombeza, njoo unigombeze hapa, uani, nikusikie vizuri. Mvua zimeanza. Jana Severino aligeuza mkebe, akanionyesha mzizi umeshatokeza chini. Anasema mwezi mmoja, usizidi, baadaye utaanza kujiviringa.

Nisalimie shemeji sana, na watoto mmoja mmoja kwa majina yao. Viktoria naye anakusalimu ingawa hakujui, hapendi kupitwa. Baba ameketi hapa karibu ninapoandika. Nimemuuliza kama ana salamu zozote. Amesema nikuandikie hivi: kibuyu ya maji iko.

Ni mimi dadako mdogo,
Mariam Poni
(Mama Afisa)