Ukurasa wa Tisa Niliowashia Jiko

Nakuru, Alhamisi, Julai 1973. Asubuhi baridi, mchana vumbi, na mimi sijielewi.

Leo nimefanya ujinga, na siwezi kumsingizia mtu.

Mimi na Mwalimu Kariuki tunaandika mchezo wa kuigiza wa siku ya wazazi, Jumamosi hii. Niliupiga taipu mara moja na karatasi ya kaboni katikati, zikatoka kopi mbili. Moja nikabaki nayo hapa mjini, ya pili akaenda nayo kwao Subukia. Kila mtu akawa anasahihisha yake. Tulijiona wajanja, ati kazi itaisha haraka!

Jumatatu akanirudishia yake ndani ya bahasha. Nikatupia jicho ukurasa wa kwanza, nikaona maneno ni yale yale, nikasema hii ninayo. Jana nikapiga stensili ya kutolea nakala za waigizaji, nikifuata kopi yangu. Leo asubuhi makaa yakakataa kushika, nikachukua ile ya Kariuki nikawashia jiko. Nani hapa hawashi jiko na karatasi kuukuu? Chai ikachemka, nikanywa vikombe viwili.

Saa nne, kwenye chumba cha walimu, akaniuliza, "Mwalimu Rebeka, ukurasa wa tisa umeuonaje? Yale maneno ya mama?"

Woi!

Kumbe pale mama wa mchezo anapomuaga mwanawe anayeenda shule, Kariuki alikuwa amefuta maneno yangu. Akaandika kwa penseli yale aliyoambiwa na mama yake mzazi siku alipotoka nyumbani. Yeye alikuwa mdogo, alishasahau. Mama yake ndiye aliyeyakumbuka, akamsimulia kidogo kidogo Jumapili mbili. Wiki jana akapooza. Sasa hasemi, anamshika mkono tu.

"Afadhali niliyaandika," Kariuki akasema. "Nikijaribu kuyakumbuka yanachanganyika."

Nikamjibu kwamba ni mazuri sana. Uongo mtupu, na nilimwangalia machoni.

Tangu nitoke shuleni leo nimekuwa nikiyatunga mwenyewe maneno hayo ya mama. Nimeyapata, tena matamu, hata mimi yamenitoa machozi. Wazazi watapiga makofi. Lakini Kariuki atakaa pale mbele akingoja kumsikia mama yake, na atakayesema ni mimi.

Nimeyachana.

Naona aibu, na naogopa uso wake. Wawili wakisahihisha, kopi iwe moja, na hakichomwi kitu kabla hakijasomwa hadi mwisho. Ningejua hilo Jumatatu! Majuto ni mjukuu kweli.

Kesho kabla ya kengele nitamwambia. Tutakaa meza moja na karatasi moja, penseli ashike yeye. Akikumbuka nusu, nitapiga nusu.

Na asipokumbuka hata neno, mama wa mchezo atamshika mwanawe mkono tu, asiseme kitu. Kama Kariuki atakubali.