Mwongozo wa Kusikiliza

3 Machi

Mdogo wangu Chiriku,

Hujambo? Na magoti ya mama yanaendeleaje? Huku wifi yako na watoto hawajambo. Mimi ndiye mwenye neno.

Ile presha ya macho imemaliza kazi yake. Jicho la kushoto nalo limezima. Naandika kwa kupapasa kibodi, kompyuta inanisomea kwa sauti. Kuandika programu bado naweza. Kinachonishinda ni mwongozo wa programu yetu ya kuendesha pampu za maji. Ni karatasi zilizopigwa picha zamani, zikafungwa kwenye faili moja kubwa. Kompyuta ikifika pale inatamka "picha". Nikigeuza ukurasa, "picha". Bila mwongozo ule sina kazi. Meneja amenipa hadi mwisho wa Juni nionyeshe kama naweza kuendelea. Naona bora niache mwenyewe, nikiwa bado na heshima yangu. Mama usimwambie.

Kaka yako

5 Machi

Shikamoo kaka,

Sisi wazima, na magoti ya mama yanalalamika kama kawaida. Habari yako imenikata maini. Nimelia, nimenawa uso, sasa tuongee kazi.

Usiache. Nitumie hilo faili. Nitatengeneza programu itakayosoma maandishi yaliyomo ndani ya zile picha na kugeuza kila sura kuwa ukurasa wa wavuti wenye vichwa vya habari ambavyo kompyuta inavitambua, uwe unaruka kutoka kichwa hadi kichwa. Halafu nitaweka faharasa: ukitafuta neno, ikupeleke lilipo. Najua utasema nina kazi zangu benki. Hizo niachie mwenyewe.

Msalimie wifi.

Mdogo wako, Chiriku

2 Aprili

Chiriku,

Natumaini nyote ni wazima. Sisi tupo.

Programu yako nimeijaribu mbele ya meneja na wenzangu. Nilitafuta "pampu". Ikaniletea kila mahali neno hilo lilipotajwa, bila mpango, na kila ukurasa ilianza kwa kusoma jina la kampuni na anwani ya posta. Majedwali yakawa uji. Jirani yangu wa meza akacheka. Alijizuia, lakini masikio yangu siku hizi hayapitwi.

Umejitahidi, asante. Sasa basi. Sitaki kuonewa huruma, hata na wewe.

Kaka yako

11 Aprili

Shikamoo kaka,

Habari za hapo nyumbani? Huku tunaendelea.

Barua yako imeniuma, sitaficha. Lakini kosa nimeliona: niliijaribu programu huku natazama. Wiki hii nimefunika skrini kwa taulo na kusoma mwongozo wako kwa masikio tu. Siku ya kwanza nilitaka kuipiga teke kompyuta. Anwani nimezifuta zote. Kwenye majedwali, kila namba sasa inatajwa pamoja na kichwa cha safu yake. Faharasa inatanguliza mahali kitu kilipoelezwa, kisha mahali kilipotajwa tu.

Hii si huruma. Nakasirika nikifikiria unatolewa kazini kwa sababu ya faili baya. Toleo jipya nimeliambatanisha, pamoja na msimbo wake, maagizo yote niliyoiandikia kompyuta.

Mdogo wako, Chiriku

20 Mei

Shikamoo kaka,

Hujanijibu, na simu hupokei. Wifi anasema u mzima, ila ukitoka kazini unajifungia chumbani na kompyuta, na mlangoni inasikika sauti ya mashine tu. Anahofia umekata tamaa.

Mama nimemwambia. Nisamehe, aliniuliza nikashindwa kumdanganya. Hakulia. Aliuliza tu kama unakula vizuri.

Kama hutaki programu, sawa. Andika hata mstari mmoja.

Mdogo wako

1 Julai

Mdogo wangu Chiriku,

Hamjambo? Sisi hatujambo, na safari hii nasema kweli.

Sikuwa nimekata tamaa, nilikuwa na kazi. Nilifungua msimbo wako nitafute sababu ya kuutupa, nikajikuta naurekebisha. Faharasa nimeiandika upya. Na wewe acha kuyaita mambo "a" na "b" ndani ya msimbo, unamtesa anayesoma kwa kusikiliza.

Wiki iliyopita pampu za mtaa mmoja zilianza kujizima mchana. Tulikaa mimi na yule jirani aliyecheka: yeye akinisomea yaliyokuwa kwenye mitambo, mimi nikisikiliza mwongozo. Tatizo lilikuwa kwenye kipimo cha mgandamizo wa maji. Tulikirekebisha, na maji yakarudi kabla watu hawajatoka makazini. Baadaye akaniomba hizo kurasa naye azitumie. Sasa ofisi nzima inazitumia.

Jana meneja aliniita. Alisema, "Unabaki. Na huo mwongozo, wewe ndiye mwenye nao sasa."

Nilitoka nikaenda kunawa uso, nikakaa huko kidogo.

Jumamosi nakuja kwa mama. Wifi yako alitaka kunisindikiza, nimekataa. Nina fimbo, na mdomo wa kuulizia njia ninao. Usije kunipokea stendi. Nisubirini mlangoni.

Kaka yako