Ngoma ya Unyago kwa Wageni

Jumamosi, Korogwe

Wewe utakayeliokota daftari hili, nakusihi, usimwambie mtu hata neno moja.

Wageni wa kujitolea walipaka rangi nusu ya ukuta wa shule yetu kule Handeni, wakajipiga picha msikitini, kisha wakataka ngoma "ya asili kabisa". Mtendaji wa kata akanitazama. Nami karani mwoga, msomi wa bure, nikawaandikia kina mama barua wacheze ngoma ya unyago, isiyoonwa na wanaume. Wazungu hao, wake kwa waume, wakaingia kuicheza wakiruka kama waliokanyaga siafu.

Kungwi wetu, Bibi Mwanaidi, aliyekuwa akimfunda dada yangu ndani, hakufoka. "Karani, mchukue dada yako. Umeshawafunda wazungu, utamfunda na yeye."

Mwali karudishwa kabla ya kutolewa, na Handeni nzima inajua.

Ila ukisikia Bibi amelegea na yuko tayari kumpokea tena, njoo unipashe, lakini usije ofisini. Tumejificha Manundu, hapa Korogwe, kwa mjomba, chumba cha nyuma. Gonga dirishani, umwite dada kwanza. Mimi hasemi nami.