Nani Atamwosha Shosho?

Jumapili, alasiri. Baridi ya Julai imekaa Kitengela kama mgeni asiyejua kuaga. Upepo unavuma kutoka upande wa Kisaju na vumbi lake lote, na nguo nilizoanika asubuhi zimekauka zikiwa chafu kuliko zilivyokuwa kwenye beseni. Nimevaa soksi mbili, moja juu ya nyingine. Mama ananicheka. Kama Kitengela inanitetemesha hivi, anasema, Ujerumani itanifanyaje?

Swali zuri. Laiti lingekuwa ndilo linaloninyima raha.

Kama ni mara yako ya kwanza kusoma hapa: mwezi wa tisa naenda Ujerumani kujitolea kwa mwaka mmoja katika nyumba ya wazee, kwenye mji mdogo ambao jina lake bado linanishinda kutamka. Nitawalisha wazee, nitawaosha, nitawasukuma kwenye viti vya magurudumu. Viza imetoka. Mwaka ukiisha, Mungu akipenda, nitasomea uuguzi hukohuko, halafu nirudi nifungue kituo kidogo hapa nyumbani, mahali pa wazee kushinda mchana watoto wao wakiwa kazini Nairobi. Mtaa wetu umejaa wazee waliotolewa shambani wakaletwa kuishi na watoto wao. Wanashinda ndani ya geti wakiangalia ukuta wa jirani.

Mpango huu nikiusema kwa sauti unanipendeza hata mimi.

Tatizo langu ni Shosho.

Shosho ni mama yake baba. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya huyo, kwa hiyo yeye ni Wanjiru na mimi ni Wanjiru, na baba ameniita Mami tangu nikitambaa. Si utani. Aliyepewa jina lako ni wewe tena, umeanza upya. Na tangu Shosho alipoanguka akavunjika nyonga, hakuna mwingine anayemwosha ila mimi. Baba hawezi, hilo hata halitajwi. Mama ni mke wa mwanawe, na Shosho anasema heshima iliyo kati yao haiingii bafuni. Tulimletea msichana wa kumsaidia. Shosho alimshukuru vizuri sana, akamwambia akapumzike.

"Mimi sivui nguo mbele ya watu," alituambia. "Lakini nikioshwa na Wanjiru, najiosha mwenyewe."

Nani angebishana naye?

Kwa hiyo tuna utaratibu wetu. Maji ya bomba letu ni ya kisima, yana chumvi, sabuni haitoi povu na ngozi inabaki ikimwasha. Tangi la mvua nyuma ya jikoni ni la Shosho, na ole wake atakayefulia maji yake. Nayachemsha, nachanganya, napima kwa kiwiko. Naanza na miguu ili mwili usishtuke, nywele mwisho. Wakati wa kumpaka mafuta ndipo anaponisimulia juu ya matope ya kwao Kinangop, na jinsi alivyombeba baba mgongoni hadi kliniki, viatu vyake vikabaki ndani ya tope na hakurudi kuvitafuta. Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi, hata nikilala naweza kuisimulia. Sijawahi kumwambia aiache.

Hakuna aliyethubutu kuniuliza nikienda itakuwaje. Na mimi sikuthubutu kuwauliza. Darasani mwalimu wa Kijerumani ananiuliza bei ya mkate, mimi nawaza mgongo wa Shosho.

Wiki iliyopita Mama Naserian, anayetuletea maziwa kutoka Kisaju, alisikia habari za safari yangu. Akaniuliza pale getini, "Na hao wazee ya huko, watoto yao walienda wapi?"

Nikamwambia wako kazini, wako mbali. Akanitazama. Akautazama mlango wa Shosho uliokuwa wazi nyuma yangu. Akanimiminia maziwa, akanitakia siku njema, akaenda zake. Hakuwa na ubaya wowote, lakini uso ulinichoma asubuhi nzima.

Halafu kuna Marisol. Huyu ni msichana wa Peru ambaye nitachukua nafasi yake kule, mwaka wake unaisha. Ananiandikia kwenye simu kwa Kijerumani kibovu kama changu, na kila siku habari ni ya bibi mmoja wa nyumba hiyo ya wazee anayeitwa Hilde. Hilde anapenda taulo lipashwe moto kwanza. Hilde usimwoshe uso kwa kitambaa, tumia mkono wako. Hilde hapendi kuharakishwa. Ujumbe juu ya ujumbe. Mimi nilimwona anajifanya bosi. Mimi ninayemwosha Shosho, nifundishwe kuosha? Nikawa namjibu kwa alama ya kidole gumba, basi.

Aliyepata suluhisho ni baba, na lilikuwa mbele ya macho yetu. Ndugu yake, Baba Mdogo Kamau wa Nkoroi, naye ana binti wa kwanza. Na huyo naye, kama ilivyo desturi, ni Wanjiru. Kwenye ukoo jina hilo limefupishwa, sisi ni Ciru Mkubwa na Ciru Mdogo tangu utotoni. Hakuna aliyemfikiria kwa sababu Ciru Mdogo tunamjua kwa kucha. Ni kazi yake, anapaka watu rangi na kuwabandika kucha kwenye saluni moja Rongai, na zake mwenyewe ni ndefu, zina vijiwe vinavyometameta. Akishika kikombe unaogopa.

Baba aliposema jina lake nilicheka. Nikasema atamkwaruza Shosho.

"Kwani yeye si Mami pia?" baba akauliza.



Jana alikuja. Niseme ukweli, maana kama sitausema hapa sitausema popote: nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya kushindwa kwake. Nilichemsha maji, nikatayarisha taulo, nikapanga kusimama pembeni ya bafu kama mwalimu wa zamu, nimrekebishe kwa upole, halafu nichukue sabuni mkononi mwake. Alikuja na mikono imezama kwenye mifuko ya koti. Nilidhani ni baridi.

Shosho alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, kanga mabegani. Alimtazama kutoka juu hadi chini.

"Wewe ni nani?" Anamjua vizuri sana. Lakini ndivyo alivyo.

"Ni Wanjiru, Shosho."

"Wanjiru wa nani?"

"Wa Kamau."

"Basi ni mimi. Funga mlango, baridi inaingia."

Ukafungwa. Mimi nikiwa nje, kwenye korido, taulo mkononi.

Nilisimama hapo nikisikiliza maji. Nikamsikia Ciru, "Shosho, maji iko sawa ama niongeze baridi?" Nikangoja kilio. Nikasikia Shosho akicheka. Kisha, taratibu, sauti ile ninayoijua, ikaanza: matope ya Kinangop, baba mgongoni, viatu.

Hadithi yangu.

Nililitundika taulo kwenye kitasa, nikatoka nyuma ya jikoni, nikasimama kando ya tangi la mvua nikalia.

Nilikuwa nalia nini? Si ndicho nilichokuwa nikiomba? Wiki zote hizi nimesema ninaogopa Shosho atakosa wa kumwosha. Pale tangini niligundua kwamba hofu yangu ilikuwa nyingine kabisa. Nilikuwa naogopa kwamba ataoshwa, na kwamba ataoshwa vizuri. Nilitaka kwenda, na wakati huohuo nilitaka nafasi yangu ibaki wazi, watu wawe wanaichungulia na kusikitika. Ningekuwa Ujerumani nikililiwa. Aibu, lakini ndiyo hivyo.

Ciru akatokea na ndoo, mikono ya sweta imelowa hadi kiwikoni. Ndipo nikaona vidole vyake.

Kucha hazikuwepo. Amezikata zote, mpaka kwenye nyama. Yeye ambaye mteja akiingia huangalia kwanza mikono yake ndipo aketi. Aliona ninavyotazama, akauficha mkono nyuma ya ndoo.

"Zitamea," akasema. "Lakini nisaidie, Ciru. Nilipofika mgongoni alinyamaza. Kwani huwa unaanzia wapi?"

Nikamwambia. Juu kwenda chini, kamwe si mzunguko. Kuna baka karibu na bega la kushoto, hapo pita tu na maji, usisugue. Nyuma ya masikio tumia kidole, si kitambaa. Usimwambie "inua mkono," mguse kiwiko atainua mwenyewe. Akisema amekauka, hajakauka katikati ya vidole vya miguu. Nilisema na kusema, naye amesimama na ndoo mkononi, akiitikia kwa kichwa, na machoni mwake nikaona ile subira ya mtu anayefundishwa kazi na bosi asiyejua kunyamaza.

Hapo nikaisikia sauti yangu mwenyewe. Nikamsikia Marisol.

Maskini Marisol! Mwaka mzima amepasha taulo moto, na sasa anamwacha bibi yake kwa mgeni anayemjibu kwa kidole gumba.

Leo baada ya kanisa nimeketi sebuleni na kamusi mapajani, nikamwandikia kwa Kijerumani changu cha kuunga. Nimemwambia anisamehe ukimya. Nimemwambia nina Hilde wangu, na jana nilimwachia binamu yangu, kwa hiyo sasa naelewa. Niambie yote, nimeandika. Anza na miguu.

Anaandika. Naona kwenye simu neno hilo likitokea, likipotea, likitokea tena. Ana mengi ya kusema. Aandike tu, nina jioni nzima.

Hofu nyingine bado zipo, sijadanganyika. Baridi, lugha, chakula, kama Hilde atanikubali au ataniambia nikapumzike. Lakini nimeamua: nitamwosha kama mtu aliyeachiwa mzigo wa mwenzake, na mwaka ukiisha nitamkabidhi anayefuata kila kitu, hata akinijibu kwa kidole gumba.

Ciru amelala kwetu, hajarudi Nkoroi. Yuko hapa kwenye kochi jingine, anapaka mafuta vidole vyake vilivyobaki uchi na kulalamika kwamba havijazoea baridi. Nilikuwa nikimcheka, ndipo Shosho akaita kutoka chumbani kwake.

"Wanjiru!"

Tumesimama sote wawili.

Mimi nimeketi tena.