Vipuri vya Zamani Anavyo Fundi

Jumamosi, 3 Mei

Nimenunua baiskeli. Nina miaka hamsini na mitatu na sina aibu yoyote.

Ni ya mlimani. Shokabsoba za kumeza mashimo ziko mbele tu, kwenye ule uma unaoshika gurudumu. Nyuma ni chuma kitupu. Rangi ya kijivu, gia ishirini na moja. Muuzaji alisema ni ya watu wanaoanza. Neno hilo halikunipendeza ila nikalimeza.

Mke wangu ametoka na daftari za darasa la kwanza kwapani, akaizunguka mara mbili vile anavyokagua kucha za wanafunzi wake. Akauliza kengele iko wapi. Nikamweleza kwamba za mlimani hazina kengele. Akasema, sasa huko mlimani watajuaje kwamba mkubwa anapita?

Kisha akaushika usukani, akauliza yeye atafundishwa lini. Nikamwambia angoje kwanza niiweke sawa.

Tangu kitindamimba wetu aende chuoni nyumba imepwaya. Tumebaki wawili na redio. Tunakula, tunaulizana kama chumvi imetosha, basi. Lazima nipate kitu cha kunitoa nje.

Jumapili, 4 Mei

Leo kilima cha mnara wa simu. Lengo: kufika mnarani bila kuweka mguu chini.

Nimefika kona ya tangi la maji. Toka pale baiskeli imesukumwa. Mzee mmoja mwenye fimbo alinipita, akanipa pole bila kusimama.

Nimekaa kwenye jiwe nikachunguza tatizo ni nini. Pumzi ninazo. Ni pedeli. Za plastiki, zinateleza. Mtu hawezi kupanda mlima na pedeli za plastiki.

Jumanne, 6 Mei

Kazini. Mpima macho ameona ninavyoshuka ngazi na kuuliza nimegongwa na nini. Miaka kumi na minne tunafanya kazi chumba kimoja, pazia katikati: upande wake anapima macho, upande wangu nasaga lenzi na kuzitia kwenye fremu. Pazia halizuii maneno.

Nikamweleza habari ya pedeli. Nikamkumbusha kwamba lenzi ikienda upande nusu milimita tu mteja anarudi na kichwa kinamuuma, kwa hiyo mimi si mtu wa kubahatisha. Nikisema ni pedeli, ni pedeli.

 Kutoka upande wa pili akamwita mteja anayefuata kwa sauti ya mtu anayezuia kicheko.

Jumamosi, 10 Mei

Nimepata fundi. Kibanda chake kiko nyuma ya shule ya mke wangu, na mjukuu wa fundi yuko darasani kwake. Watu wanamwita Taratibu, na si kwa kumwonea. Kufunga pedeli mbili kumechukua asubuhi nzima, maana kila akikaza anasimama kuitazama.

Aliuliza za zamani azifanyeje. Nikamwambia, wewe chukua tu. Akazitia kwenye sanduku la mbao chini ya meza.

Jumapili, 11 Mei

Kona ya tangi la maji.

Ni tairi.

Jumatano, 14 Mei

Sikai. Nakula nimesimama. Kiti cha baiskeli kimenifanyia mambo ambayo siwezi kuyaandika hata humu.

 Mke wangu alichukua suruali yangu ya kahawia, ile iliyoisha magotini, akakata, akajaza sponji, akashona kwa mkono kifuniko cha kiti. Mshono mdogo mdogo, umenyooka. Akanikabidhi na kusema mwanafunzi asiyekaa vizuri hasomi vizuri.

Kinasaidia sana, lazima niseme.

Jumamosi, 24 Mei

Tairi mpya, zenye meno makubwa. Na kiti kipya! Chembamba, cheusi, katikati kina mfereji. Wanaojua wanatumia hiki. Cha zamani nimemwachia Taratibu.

Jioni mke wangu ameuliza kifuniko kiko wapi. Nimesema kilienda na kiti. Akasema, "Aha." Hiyo aha naijua. Wanafunzi wa darasa la kwanza wakiisikia wanaanza kutafuta penseli.

Jumapili, 25 Mei

Kona ya tangi. Hatua kumi kabla, kusema kweli, maana tairi za meno makubwa ni nzito.

Jumapili, 8 Juni

Leo sikupanda. Baiskeli iko kwa fundi.

Nimesoma sana wiki hizi. Gia ishirini na moja ni ushamba. Siku hizi mbele linawekwa duara moja tu la meno, nyuma yanapangwa makubwa kama sahani. Lakini hayo ya nyuma hayaingii kwenye gurudumu langu, kwa hiyo gurudumu jipya. Na ukibadilisha la nyuma ukaacha la mbele, unaonekana umevaa viatu viwili tofauti. Kwa hiyo yote mawili.

Taratibu alifuta mikono, akaniuliza kama nimewahi kufikiria kuipanda hivyo hivyo ilivyo kwa mwezi mmoja, miguu ijue kazi yake. Nikamwambia zama zimebadilika, mzee wangu. Akasema sawa. Sanduku chini ya meza sasa halifungiki, na magurudumu yangu ameyatundika ukutani karibu na fremu moja ndogo ya bluu, kuukuu, ambayo sijui anamwekea nani.

Jumamosi, 14 Juni

Mke wangu ametoka tena baada ya chakula cha mchana. Jumamosi ya tatu. Anasema wanasahihisha daftari pamoja na mwalimu mwenzake. Amerudi magharibi ananukia jua, kiwiko kimechubuka. Aliteleza kwenye ngazi za shule, anasema.

Na nyuma ya mguu alikuwa na doa la grisi, lina meno meno. Nikamwambia asiegemee baiskeli yangu anapofagia uani. Akaniangalia sana. Akasema hatarudia.

Nilipojilaza ndipo nikakumbuka baiskeli iko kwa fundi tangu wiki iliyopita. Nilitaka kumwamsha nimuulize. Lakini simu ikalia, picha za uma mpya zimefika, shokabsoba za hewa, nikasahau.

Jumapili, 22 Juni

Gia mpya, magurudumu mapya. Nimepita kona ya tangi! Kwa mita kama ishirini. Kisha uma wa mbele ukawa unabonyea kila nikikanyaga, nguvu zangu zote zinaishia humo. Sasa tatizo limejulikana kabisa.

Jumatano, 25 Juni

Uma nimeagiza. Wa zamani nimemwambia Taratibu autoe leo leo, wa kwangu ukifika tusipoteze muda. Aliuliza kama si afadhali tuusubiri mpya uwe mkononi kwanza. Huyu mtu jina lake limemkaa. Nikamwambia autoe, na auchukue.

Usiku huu mke wangu anaongea na kitindamimba kwenye simu chumbani. Wanacheka mpaka wanakohoa. Nilipoingia wamenyamaza. Nikauliza nini, akasema mambo ya shule.

Iliniuma. Naandika hivi hivi ilivyo: iliniuma. Sikumbuki mara ya mwisho mimi kumchekesha mtu huyu namna ile. Niko tayari kukaa saa mbili nikimweleza tofauti ya shokabsoba za springi na za hewa, na yeye ananisikiliza kwa adabu, anageuza kurasa za daftari, anatia vema nyekundu. Nyumba ya watu wawili, na mmoja tayari ana siri.

Alhamisi, 3 Julai

Mpima macho ameuliza, kupitia pazia, baiskeli imefika wapi. Nikasema iko kwa fundi. Akauliza, na mwalimu je? Nikasema hajambo, ana kazi nyingi Jumamosi. Akasema mume wake naye alikuwa anashinda kwenye gari bovu, miaka miwili. Siku gari lilipowaka, hakukuwa na wa kupanda naye.

Hakucheka aliposema hivyo. Nimekosea lenzi moja leo, nimeirudia.

Jumamosi, 5 Julai

Nitaandika kwa mpangilio maana kichwa kimejaa.

Uma umefika. Mzuri mno, mweusi unaong'aa. Nikaubeba mwenyewe hadi kwa Taratibu. Akaujaribu, akautoa, akaugeuza, akaujaribu tena. Akachukua rula, akanipa nipime mwenyewe.

Shingo ya uma mpya imepanuka chini. Tundu la fremu yangu limenyooka juu hadi chini. Hauingii. Hautaingia leo wala mwakani. Siku hizi wanazitengeneza za aina mbili na ilikuwa nipime kabla ya kuagiza. Mimi! Mimi wa nusu milimita!

Taratibu alikuwa ameuma midomo. Nikamshukuru kwa kutocheka. Nikamwambia basi, turudishe ule wa zamani.

Akatazama sanduku. Nikatazama sanduku. Tupu. Ukutani hakuna magurudumu, hakuna fremu ya bluu. Akasema uma ule una kazi mahali pengine. Wapi? Kwa mteja. Mteja gani? Akaanza kutafuta spana ambayo alikuwa ameishika mkononi.

Nikasema nitaisukuma hadi nyumbani. Akanikumbusha, kwa upole, kwamba bila uma gurudumu la mbele halina pa kukaa. Nikaitia fremu begani, gurudumu mkono wa kulia, uma mpya kwapani. Nikapita njia ya nyuma ya shule ili nisionekane.

Uwanjani palikuwa na mwanamke juu ya baiskeli ya bluu, na nyuma yake mke wa Taratibu anakimbia ameshika kiti, khanga kaifunga kiunoni. Nikasimama penye ua wa shule. Niliona kiti kwanza. Suruali yangu ya kahawia. Halafu pedeli za plastiki. Halafu tairi zangu, magurudumu yangu, uma wangu unaobonyea. Mwishoni kabisa ndipo nikamtambua aliyekalia.

Mke wa Taratibu akaachia. Yeye akaenda. Akapiga kona golini, akayumba, akaanguka chali kwenye nyasi, miguu juu. Mwalimu wa darasa la kwanza, miaka arobaini na tisa. Akacheka kile kicheko cha kwenye simu. Akainuka peke yake.

Nilitaka kuita. Lakini niliona aibu anione nikiwa na fremu begani.

Nyumbani nilikaa uani, sikuwasha taa. Aliporudi alisimama kwenye mlango wa uani, akaona uma mpya sakafuni, akaona na mimi. Akasema, "Umeniona."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akajibu bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Kwao baiskeli ilikuwa ya kaka zake, yeye aliruhusiwa kuiosha tu. Alinisimulia hayo wiki moja kabla ya harusi. Nikamwambia nitamfundisha mwenyewe, nitashika kiti mpaka ajue. Miaka ishirini na sita sasa. Mwezi wa tano akaniuliza tena, pale kwenye lango, nikamwambia angoje niiweke sawa.

"Nikaona utakuwa unaiweka sawa mpaka nistaafu," akasema. "Nikaenda kwa fundi kuuliza kama vipuri unavyotupa wewe vinaweza kupandwa. Akasema havina ubovu wowote. Mpaka vikatimia, nilijifunzia baiskeli yake."

Nilikuwa nimesahau. Si kwamba nilijisahaulisha. Nilisahau kabisa, na nimekiri hivyo mbele yake. Ningetoa kila kipuri kilichomo humu ndani nisiwe nimesahau.

Akaniuliza kama nimekula.

Jumapili, 6 Julai

Saa moja asubuhi. Naandika nimesimama.

Nimeamka nikakuta upande wake umetandikwa. Yuko langoni, amevaa raba za michezo za kitindamimba na kofia ya jua ya shuleni. Baiskeli ya bluu imefutwa. Anakwenda kilima cha mnara.

Nikamwambia kilima si uwanja. Nikamwambia habari za kona ya tangi, meno ya gia, uzito wa tairi. Alisikiliza yote kwa adabu. Kisha akabonyeza kitu kwenye usukani kwa kidole gumba.

Kengele! Ameweka kengele.

Nikasema basi aende salama, mimi sina cha kupanda, yangu haina uma. Akasema hajaniuliza nitapanda nini. Amejua kwenda, amejua kona, amejua na kusimama. Jambo moja limemshinda: kuanza penye mwinuko. Anahitaji mtu wa kumshikia kiti mpaka akae sawa, halafu aachie. Mke wa fundi leo hana nafasi. Na pale kwenye kona ya tangi kila mtu husimama, ndivyo alivyosikia kwangu mara nyingi.

Nikauliza, kwa hiyo mimi nitakwenda kwa miguu, nikikimbia nyuma yako mbele ya mtaa mzima?

Akasema atakwenda taratibu.

Nimeingia kutafuta viatu. Nimeona na hiki kidaftari mezani. Uma mpya bado uko sakafuni, nimeuruka. Kiatu cha kulia ninacho mguuni. Cha kushoto hakionekani, nimetazama chini ya kitanda, nimetazama nyuma ya mlango, na kengele inalia kwa mara ya pili